Ngoro Bila Majani

Kwetu Umatengoni shamba halianzi na jembe, linaanza na majani. Mvua zinapokaribia kuisha, majani yakiwa yamefika kifuani, wanaume huyafyeka na kuyalaza mtelemko mzima kwa mistari inayokatana, hadi mlima uonekane kama umetandikwa wavu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuyafunika yale majani. Yakioza humo ndani yanakuwa mbolea, na shimo linalobaki hukamata mvua isikimbie na udongo wetu hadi ziwani kwa Wanyasa, ambao hawakuuomba. Mashimo hayo ndiyo ngoro. Wageni hupanda huku kuyapiga picha, na sisi hujifanya hatujazoea.

Nazipenda ngoro kama mtu aliyehama anavyozipenda: nikiwa Songea, kwenye kiti. Shamba la marehemu baba kule Mbuji liliniangukia mimi kwa kuwa ni mwanaume, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo katika kilimo. Anayelilima ni dada yangu mkubwa. Mume wake ni Mnyasa wa Lipingo aliyepanda mlima kuja kuoa akasahau kushuka, kama anavyosema mwenyewe kabla watani hawajamsemea.

Dada ndiye aliyesema kwanza kwamba shamba limechoka. Maharage yalikuwa yanatoa maganda mepesi, na chemchemi iliyo chini ya shamba, wanakochota maji ya nyumbani, ilikuwa imeanza kutoa maji kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya ndugu yake: kidogo kidogo, na kwa kubembelezwa.

"Tulipumzishe," akasema. "Baba alikuwa analipumzisha. Majani yakirudi, tunalirudia."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilisomea mimea chuo kikuu, kisha nikaenda kuishi kwa kuandika, kwa hiyo nimeshindwa mambo mawili kwa shule moja. Hapa hatimaye palikuwa na mtelemko wa kunistahi. Baada ya ugali nilichukua kijiti nikachora uani. Ardhi ikiachwa, nikaeleza, huanza magugu mepesi, yanafuata manyasi, kisha vichaka, kisha miti inayopenda jua, na mwisho msitu wenyewe, wenye kila namna ya mti, mdudu na uyoga.

Shemeji alinisikiliza kwa adabu ya mtu aliyeshiba. "Kwa hiyo, shemeji, inakuja kwa zamu, kama walinzi?"

"Kwa zamu kabisa. Wa kwanza wanaandaa mahali, wa pili wanakuja wanawafukuza."

"Basi hiyo si miti. Hao ni wakwe."

Tukakubaliana kwamba nusu ya chini iachiwe majani ya ngoro, na nusu ya juu iachiwe msitu wangu, ili chemchemi ipate maji. "Mimi nipatie majani tu," dada akasema. "Huo msitu wako utajuana nao mwenyewe." Akaazima kipande cha shamba kwa jirani cha kumlisha kwa muda, akaanza kungoja.

Mwanzoni kila kitu kilinitii. Nilipokwenda likizo nilikuta mtelemko umechangamka kama soko la Mbinga siku ya mnada: majani ya kila urefu, mikunde ya porini yenye maua ya njano, vitu vidogo vyenye miiba, vipepeo. Nilipiga magoti kuvitazama kimoja kimoja. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walisimama.

"Shikamooni mama zangu," nikasema, nikiwa bado chini.

"Marahaba, baba. Umedondosha nini?"

"Naangalia majani."

Wakaangaliana. "Pole," akasema mmoja wao, kwa huruma ya kweli.

Huko juu, karibu na jiwe, niliona mche wa msuku. Wenyeji wa huku wanajua masuku, yale matunda ya kahawia tuliyoyaokota utotoni hadi midomo ikanata. Mti wenyewe ulikuwa umebaki kwenye hadithi za safari za kwenda Liparamba, kwenye msitu wa hifadhi. Sasa huu hapa, una majani manne mapana kama viganja. Nilimwita dada aje auone. Alikuja, akauona, akasema ni mzuri, akarudi kupalilia kahawa. Mimi nilirudi Songea nikilala vizuri.

Kiangazi kilichofuata moto ulitoka mgongo wa pili wa mlima. Hakuna aliyejua nani kauwasha, na kila mtu alikuwa na jina lake kichwani. Ulipita usiku mmoja tu. Mvua ziliponyesha sikuwa na wasiwasi, kwa sababu hata moto una nafasi yake katika mafundisho niliyosoma: jamii ya mimea inaanza upya, zamu zinapangwa tena. Nilimwambia dada hivyo kwenye simu. 

Kilichoota ni gugu lile lenye majani kama manyoya ya kuku, linalopenda udongo uliochoka. Jina lake la Kiswahili sijawahi kulisikia, na la Kilatini, ambalo nalijua, halisaidii kuling'oa. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, moto hauifikii. Kila kingine kilipoungua, lenyewe lilipata uwanja. Lilifika gotini, likafika kiunoni, likafunga. Chini yake hapakuota unyasi mmoja. Moto ukapita tena mwaka mwingine, na gugu likarudi nene zaidi. Pembeni ikajichomeka miti ya miwati na vitoto vya mikaratusi vilivyotoka kwa jirani. Msuku ulichipua tena kutoka kwenye mzizi, ukawa na majani manne. Ukaungua. Ukachipua majani manne.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mchoro wangu wa uani haukuwa nalo. Nilichora zamu, sikuchora zinakotoka. Msitu hautoki hewani, unatoka kwa jirani: ndege anaiba tunda pale, anakunya mbegu hapa. Sisi jirani zetu wote ni mahindi, kahawa na mikaratusi. Tulifungua mlango, tukasubiri wageni, na waliokuwa na uwezo wa kuja walikuwa majirani hao hao.

Wakati mmoja katika miaka hiyo niliteremka na shemeji hadi Lipingo, kuwasalimia watu wake. Tulikaa ufukweni kwa ndugu yake, tukaletewa sahani ya usipa, dagaa wa ziwa lao, uliokaangwa mkavu. Nikausifia. Shemeji akaugeuza mmoja kwa kidole kama anatafuta kitu chini yake.

"Zamani," akasema, "ukitoka kula kwa watu, mama anakuuliza umekula nini. Unataja jina: mbasa, magege, kambale. Na yeye kwa jina hilo anajua wanakupenda kiasi gani. Siku hizi unasema samaki, yanaisha."

"Ziwa litarudi likipumzishwa," nikasema. Ulimi una mazoea yake.

"Lirudi kama shamba lako?"

Ndugu zake hawakujua ni nini tunachokicheka, wakacheka pia.

Mwaka huu, mwezi wa pili, jirani alitaka kipande chake. Kijana wake ameoa. Dada hakulalamika, kwa kuwa cha watu ni cha watu. Alinipigia simu. "Majani yarudi yasirudi, mwezi wa tatu naingia shambani. Watoto hawali mafundisho." Alikuwa amekwisha kupanga siku, amewaita majirani kwa kazi ya pamoja, ile tunayoiita ngokela, na kwa kuwa ilikuwa Kwaresima alipika togwa badala ya pombe. Alikuwa na mbegu za maharage kwenye ndoo, amezifunika kwa kitenge. Alikuwa na imani iliyonitisha. Sehemu ya chini, alisema, chini ya lile gugu lazima kuna majani, kwa sababu shamba lililolala haliwezi kukosa majani. Wazee wote waliishi kwa hilo.

Siku hiyo nami nilikuwa nimepanda kutoka Songea. Watu walifika asubuhi, wakafyeka. Waliingia ndani ya gugu wakaonekana vichwa tu, na kila walipopita nyuma yao palibaki udongo mtupu, mwekundu, na vijiti. Wanaume walikusanya walichokata wakajaribu kukilaza mistari. Hakilali. Unakilaza huku kinainuka kule, kama mtoto asiyetaka kulala mchana.

"Haya si majani," akasema mzee mmoja, akiwa ameketi juu ya fungu ili kulikandamiza. "Haya ni godoro la springi."

"Basi usinyanyuke," mkewe akamwambia. "Leo umepata kazi unayoiweza."

Wanawake walichimba, wakatupia udongo. Udongo ulipenya katikati ya vijiti ukaangukia upande wa pili. Walitengeneza mashimo machache hata hivyo, kwa ajili ya dada, kwa sababu alikuwa anachimba bila kuinua macho. Saa nane mvua ikanyesha. Tulijibanza chini ya miwati tukatazama kuta za zile ngoro zikilainika, zikipasuka, zikiteremka taratibu kuelekea chemchemi. Mvua ilipokatika watu walikunywa togwa wamesimama. Wakamwambia dada pole, wakaenda. Hakuna aliyenitania, na hilo ndilo lililoniuma.

Dada alikaa kwenye ukingo, mikono yote ina udongo.

"Shamba likikaa hivi kinarudi nini?" akauliza. "Kwenye zile zamu zako. Baada ya hili gugu inakuja nini?"

 Niliwaza kuhusu kuleta mbegu na udongo kutoka upande wa Liparamba, kuzuia moto, kungoja. Nilihesabu umri wangu na wake.

"Hakiji kitu," nikasema.

"Haya."

Wiki iliyofuata shemeji alileta miche ya mikaratusi. Ndiyo inayokubali, na wanunuzi wa nguzo wanapita barabarani. Itakapokua dada atakuwa ananunua maharage sokoni, kama mimi. Nilisema, kwa sababu mtu lazima aseme, kwamba mikaratusi itainywa chemchemi.

"Itainywa," dada akakubali. "Kwani sisi tunaiacha ya nini?"

Nilipewa kazi ya kushika kamba ili mistari inyooke. Shemeji alichimba, dada akapanda. Hakuna jamii ya mimea iliyo rahisi kuielewa kama ile: mti mmoja, urefu mmoja, umri mmoja. Hata mimi ningeichora nisikosee. Karibu na jiwe kamba ilipita juu ya msuku. Shemeji alisimamisha jembe akanitazama.

"Ruka hapo," nikasema.

"Ukiwa kwenye kivuli hautakua."

"Najua."

Akaruka. Pengo moja likabaki kwenye mstari, na dada, anayependa mistari inyooke, akapanda mche unaofuata.

Mvua ziligoma baada ya hapo, kwa siku nyingi, na miche ikaanza kulegea. Kwa hiyo jioni moja nilishuka na ndoo hadi chemchemi, nichote maji ya kuimwagilia. Maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe kwa uzi mwembamba, unaokatika na kuunga. Nikatega ndoo, nikakaa. Huko juu dada aliita, kuuliza kama ndoo imejaa.

"Bado," nikajibu.