Mtanipokea?

Mtu aliyepita nje ya duka la mapazia, lile lililobanwa kati ya muuza miwani na fundi saa, alisikia cherehani ikinguruma na juu ya ngurumo hiyo sauti ya mwanamke ikiimba kitu kisichoeleweka. Si kwamba aliimba vibaya. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, safi, imetulia kama maji ya mtungini. Ila wimbo haukuenda popote. Ulikaa pale pale kwa muda mrefu, ukashuka kidogo, ukarudi, ukanyamaza mahali ambapo wimbo wowote wenye akili ungeendelea, kisha ukaibuka tena katikati ya neno.

Wateja waliomzoea walimtania. "Mama Mapazia, leo redio yako imeshika stesheni gani?"

Naye alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Ile ile ya jana. Nyinyi ndio hamna eriali."

Ukweli ni kwamba alikuwa akiimba nusu ya wimbo. Nusu nyingine ilikuwa ya dada yake.

Waliimba pamoja tangu wakiwa wasichana wanaoosha vyombo kwenye karai moja. Dada alisugua na kuimba sauti ya kwanza; mdogo mtu akasuuza na kuimba ya pili. Hakuna aliyewapangia. Ni kama watoto wanavyogawana kitanda: mmoja hulala ukutani, mwingine ukingoni, na miaka ikipita kila mmoja anaona upande wake ndio aliozaliwa nao. Na sauti ya pili ina ajabu yake. Ni kazi ya mtu anayeshika ngazi ili mwenzake apande. Watu wote humtazama aliye juu, na wana haki, maana huko ndiko kwenye mambo. Lakini aliye chini huisikia ngazi ikitetemeka viganjani. Anajua mwenzake anapoogopa, anapojigamba, na anapotaka kuruka kipandio kwa ukorofi tu.

Dada alikuwa mkorofi wa aina hiyo. Alikuwa karani wa posta, mwanamke mrefu mwenye mkono mzito, na alipopiga mihuri kwenye bahasha foleni nzima ilitikisa vichwa kwa mapigo yake. Kila Jumapili alasiri alipita dukani kumchukua mdogo wake waende ukumbini.

"Twende, watu wanasubiri!"

"Dada, subiri nimalizie upindo."

"Upindo, upindo! Wewe hata siku ya kiyama utamwambia malaika asubiri umalizie upindo."

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la mikate. Kiwanda kilikufa, wenyeji wa mtaa wakaomba funguo, na mpaka leo mvua ikinyesha kuta zake hutoa harufu ya unga. Kulikuwa na mabenchi, jukwaa la mbao lenye kimo cha goti, na nyuma ya jukwaa pazia alilolishona Mama Mapazia mwenyewe, jekundu upande mmoja na la hudhurungi upande wa pili kwa sababu kitambaa chekundu kiliisha. Kipaza sauti hakikuruhusiwa. Paa lilikuwa la mabati, na walipowahi kujaribu spika, mabati yaliimba kuliko waimbaji. Kwa hiyo watu walikuja na gitaa kavu, filimbi, ngoma ndogo ya mkononi, na vifua vyao.

Ukumbi huo ulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Hapo mwanzo wasikilizaji walikuwa na tabia ya kuumeza wimbo wa mtu. Mwimbaji akianza tu, ukumbi mzima unamdandia, na yeye mwenyewe hasikiki tena. Siku moja mwimbaji mmoja alishuka jukwaani kwa hasira akakaa benchini, akasema haya, imbeni, mimi nimekuja kusikiliza. Tangu hapo ikawa mwimbaji huketi, gitaa likaanza, na kabla ya kufungua wimbo huuliza: "Mtanipokea?" Akiuliza, wote hujibu "Tunakupokea!" na kuimba naye. Asipouliza, maana yake anataka kusikilizwa, na hapo hata kuguna ni utovu wa adabu. Anayevunja sheria hufagia ukumbi, na Mama Funguo, mtunza ukumbi, alikuwa na ufagio mchakavu kwa makusudi.

Kwa wale dada wawili, aliyeuliza siku zote ni dada. Aliuliza kwa madaha, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kisha wakaimba ule wimbo wa taa alioutunga ujanani. Kila ubeti ulikuwa na mistari minne tu:

*Usizime taa ya jikoni, niko njiani naja,*
*viatu vimechoka, moyo haujachoka…*

Mstari wa nne uliirudia taa. Wa tatu dada aliubadilisha kila Jumapili, akitia humo yaliyotokea wiki hiyo: mbwa aliyeingia posta, bei ya sukari, na mara nyingi kuliko yote mdogo wake. *Mdogo wangu yuko nyuma, kapoteza sindano.* Watu walicheka, na Mama Mapazia akashika ngazi yake huku naye akicheka kwa pua. Walipoombwa warekodi, dada alikataa. "Wimbo ni mkate," alisema. "Wa jana mnautaka wa nini, na leo nimeoka?"

Kisha akaugua. Kilianza kikohozi kama cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba, na kabla mwaka haujageuka akatangulia. Mama Mapazia hakurudi ukumbini. Jumapili alasiri akawa anafungua duka, akisema kazi zimemzidi, na mtaa mzima ulijua kwamba hakuna anayenunua mapazia Jumapili.

Ndivyo alivyokutwa na binti wa dada yake, muuguzi aliyeishi mji mwingine, siku alipoingia dukani na mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hebu mlete huyo bibi mdogo nimwone. Ee! Paji la uso la posta kabisa."

Wakacheka, wakafuta macho. Kisha binti akasema lililomleta. "Mama alikuwa akinilaza kwa ule wimbo wa taa. Sasa nataka kumlaza huyu kwa wimbo huo huo, lakini nakumbuka mstari wa kwanza tu. Nikifika hapo nabaki nauzunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Niimbie wote, mama mdogo. Nina likizo, nitaujifunza taratibu."

Mama Mapazia akazima cherehani. Aliimba kwa moyo wote, macho amefumba. Alipoyafumbua, mtoto alikuwa akimkodolea macho na binti alikuwa ameuma mdomo.

"Mama mdogo, hapo ni mwanzo au mwisho?"

"Ndio wimbo wenyewe."

"Wa mama? Mbona haufanani nao hata kwa dawa?"

Akajaribu tena, safari hii sauti ya kwanza. Alijua inakopita, aliisikia juu ya kichwa chake miaka yote. Lakini kila alipopanda, koo lilimteremsha, kama mguu unaoifuata ndara yake gizani. Maneno nayo yalimponyoka. Ya ubeti wa pili na wa tatu yalikuwa ya dada. Yeye aliingia kwenye miisho tu. Hapo ndipo alipogundua. Wimbo alioubeba maisha yake yote hakuwahi kuuimba. Kama hakuna mwingine anayeujua, basi walimzika dada pamoja nao, na huyu mtoto atalazwa kwa mstari mmoja.

"Nipe siku chache," alisema. "Kuna watu waliousikia mara nyingi. Wataunyanyua tu nikianza."

Jumapili hiyo alikwenda peke yake. Walimpokea kwa mikono miwili na hakuna aliyesema "tulikukosa", jambo alilowashukuru. Jukwaani mtu alikuwa ameweka vigoda viwili, kwa mazoea. Akakaa kwenye chake. Kinyozi wa mtaa, aliyewapigia gitaa tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi, akaanza ule utangulizi wa taa. Ukazunguka mara moja. Mama Mapazia alikuwa akingoja kitu, wala hakujua anangoja nini. Ukazunguka tena. Basi akaanza, kwa sauti yake ile ile ya chini.

Ukumbi ulinyamaza. Hakuna kiatu kilichogonga sakafu. Nyuso alizozijua, watu waliouimba wimbo huo Jumapili baada ya Jumapili, walimtazama midomo imefungwa. Akaimba nusu yake, akapita peke yake kwenye mapengo ya dada yake kama mtu anayetembea kwenye nyumba iliyohamwa. Alipofika ubeti wa pili alijisemea, wamemsahau. Hata hawa wamemsahau. Akakata wimbo katikati, akachukua mkoba wake, akatoka.

Kesho yake Kinyozi akaingia dukani, mikono nyuma.

"Nataka pazia."

"La dirisha gani? Duka lako halina dirisha."

"Basi la mlango."

"Mlango wako ni bati la kukunja."

"Basi nimekuja kugombana," alisema Kinyozi, akavuta kiti. "Jana umetuua, shemeji. Watu wamekaa na wimbo mdomoni kama waliong'ata kiazi cha moto. Mke wangu kajifunga leso mdomoni. Mama Funguo kalia mpaka kamwaga chai."

"Sasa si mngeimba!"

"Tungeimbaje? Hukuuliza."

Mama Mapazia akabaki na mkasi hewani.

"Tulidhani unataka kumwomboleza peke yako. Nani angethubutu? Hata ufagio tungeukubali, lakini kukuingilia kwenye msiba wako, hapana."

"Mimi siulizi," alisema polepole. "Anayeuliza ni dada."

Kinyozi aliokota pini sakafuni, akaichoma kwenye mto wa pini, akaipangusa vumbi lisilokuwepo. "Anayeuliza ni anayeanza," alisema. "Kama wewe huulizi, shemeji, sisi tutakaa kimya mpaka tuote ukungu."

Alipoondoka, Mama Mapazia hakuiwasha tena cherehani siku hiyo. Watu hudhani kuzika ni siku moja. Yeye alikuwa amekwenda makaburini, amepokea rambirambi, amegawa nguo za dada kwa ndugu, na katika hayo yote hakuna lililomtaka aseme kwa kinywa chake kwamba dada hayupo. Swali hilo moja lingemtaka. Kuuliza kungekuwa kukaa kwenye kigoda cha dada.

Jumapili iliyofuata alikwenda na binti, na mtoto. Vigoda vilikuwa viwili tena. Aliketi kwenye chake, hakugusa kile kingine. Kinyozi akaanza. Utangulizi ukazunguka, ukazunguka tena, na Kinyozi hakuonyesha haraka yoyote. Angeweza kuuzungusha mpaka asubuhi. Midomo ya Mama Mapazia ikatikisika.

"Huku nyuma hatujasikia!" akapaza Mama Funguo.

"Nimesema," akasema Mama Mapazia, "mtanipokea?"

"Tunakupokea!"

Mabati yalijibu. Na sauti ya kwanza ikatoka mabenchini, imechakaa, imejaa mikwaruzo, upande wa kushoto ukipanda kwenye *njiani* na wa kulia ukichelewa na kuutazama wa kushoto kwa lawama. Mama Funguo alikuwa na maneno yake, muuza miwani yake, wakasukumana humo humo. Hakuna hata mmoja aliyeimba kama dada. Ndivyo alivyomsikia: katika kila mahali walipokosea, alisikia wazi pale ambapo dada angepita. Lakini ngazi ilikuwa na uzito tena. Aliishika, na mikono yake ilijua la kufanya.

Kisha wakafika mstari wa tatu, na ukumbi wote ukanyamaza kwa mara moja.

Hakuna aliyeujua. Mstari huo haukuwahi kuwa mmoja. Kila mtu alikumbuka kicheko chake, si maneno. Kinyozi akarudia mapigo yale yale, jicho kwa Mama Mapazia. Binti akainua uso. Mtoto akapiga chafya. Na Mama Mapazia, asijue mstari ameutoa wapi, akapanda juu, koo likikwaruza, sauti nyembamba ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia:

*Dada yangu katangulia, mwambieni namalizia upindo.*

Kwanza walicheka. Walicheka kama zamani, kicheko kile kile cha Jumapili, na katikati ya kicheko leso zikaanza kutoka. Kinyozi akakosea nyuzi. Kisha mabenchi yakauchukua mstari wa mwisho, *usizime taa, usizime taa*, naye akashuka taratibu mpaka kwenye nafasi yake ya chini, akawaachia wenyewe sauti ya juu.

Binti aliondoka na wimbo. Aliwakalisha chini watu wa ukumbini mmoja mmoja, akachagua maneno ya huyu na njia ya yule, akapata kitu kinachofanana. "Na mstari wa tatu, mama mdogo? Niweke upi?"

"Huo sina wa kukupa. Utautunga kila siku, kutokana na makosa ya huyo bibi mdogo."

Mama Mapazia sasa hukosa ukumbini kwa nadra. Huuliza swali lake, hupokewa, hushika ngazi. Na siku za kazi bado huimba nusu yake juu ya ngurumo ya cherehani. Ila akifika mstari wa tatu huinua mguu kwenye kanyagio, mashine ikasimama, naye akatazama mlangoni kwa muda, mkono juu ya kitambaa. Wateja hudhani uzi umekatika.