Kibao cha Kinyozi

Tangu darasa la tano, Kiduchu alikuwa akiitazama barabara kwa jicho lake mwenyewe. Wenzake waliona maduka, yeye aliona herufi: hii nono, ile imekosa pumzi, ile nyingine aliyeichora alikuwa na haraka ya kwenda kula. Shangazi yake, mchora mabango, ndiye aliyempa brashi ya kwanza. Kwa miaka mitano mtoto wa watu akapiga mistari ya chaki, akaosha brashi kwa mafuta ya taa, akangoja zamu yake.

Alipofika miaka kumi na sita, shangazi akamwambia, "Jumamosi kibao cha kinyozi ni chako, peke yako. Mwenyewe anakuja kukichukua jioni. Saa nane ikinikuta hujaanza, nakichora mimi, na tusilaumiane."

Angeruka kwa furaha, lakini siku hiyohiyo Winga, kijana wa kidato cha nne mwenye kicheko cha kuringa, alikuwa amemsimamisha langoni mwa shule.

"Jumamosi saa saba tuna mechi. Njoo basi unione."

Mpira hakuujua wala hakuupenda. Akajisikia akisema, "Nitakuja," kana kwamba mtu mwingine ameazima mdomo wake.

Ijumaa alitoka nyumbani na viatu visivyofanana. Mama akamrudisha mlangoni: "Mwanangu, kama ni malaria, tukapime. Kama ni lile jingine, halina kipimo."

Jumamosi akasimama kando ya uwanja. Watu walipiga kelele, vumbi likatimka, Winga akakimbia huku na huko. Kiduchu alitazama mgongo wake tu. Ile namba saba ya jezi ilichorwa kwa mkono, na shingo yake imelalia kushoto. Hata alipojikaza kutazama miguu, macho yalirudi palepale.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Winga akamjia anahema. "Umeliona?"

"Nini?"

"Goli langu!"

"Namba yako imepinda."

Winga akageuza shingo kujitazama mgongoni, kama jogoo anayetafuta mkia wake. "We Kiduchu, nimefunga goli!"

"Hongera. Ila aliyeichora ni nani?"

Ilikuwa saa nane kasorobo. Kiduchu akamwambia lazima aondoke.

"Kipindi cha pili ndicho kitamu," Winga akasema. "Ukiondoka, nitajua hunipendi."

Kiduchu akasita. Kifua kilisema baki, vidole vilisema twende, na kichwa hakikuwa na la kusema. Hata leo hajui nani aliamua. Alijikuta tu anakimbia.

Shangazi alikuwa ameshachovya brashi. "Saa nane na dakika tatu."

"Shangazi, nakuomba."

"Umelia?"

"Sijui."

"Umefurahi?"

"Hata hilo sijui."

Shangazi akamkazia macho. "Na herufi, unazijua?"

"Hizo nazijua."

Akampa brashi.

Alikuwa kwenye herufi ya mwisho Winga alipotokea mlangoni, vumbi hadi kwenye kope.

"Kwa hiyo hunipendi."

"Nakupenda. Au nadhani. Sijui, Winga."

"Sasa mbona uliondoka?"

Rangi ilikuwa inakaribia kudondoka.

"Sogea kidogo," akasema, "umeniziba mwanga."

Winga akasogea. Kama alikasirika au la, Kiduchu hakuinua macho kutazama.