Mkwe Wangu Nyuma ya Pazia

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawaangaliani usoni, sembuse kugusana. Sasa fikiria: nilianguka na pikipiki nikitoka Wamaza, mgongo ukagoma kabisa, na kine pekee tuliyemjua mjini Kasongo, mtu wa kurudisha nguvu za viungo, alikuwa mkwe wangu. Tena nililala kwake! Miezi mitatu mwanaume wa watu aliingia nyumbani mwake kwa mlango wa nyuma, nami nikikohoa kila nilipotoka chumbani ili apate kukimbia.

Kipimo chenyewe cha mgongo kilinitia aibu. Unalala kifudifudi, miguu juu ya kitanda, kiwiliwili kizima nje hewani, mikono umeikunja kifuani. Unajikaza usiiname, na sekunde zinahesabiwa. Hapo ndipo wanajua kama misuli ya mgongo inaweza tena kushika jembe. Binti yangu alinikalia miguu. Mkwe alisimama nyuma ya pazia na simu yake, akihesabu kwa sauti.

Mara ya kwanza nilidondoka kabla ya ishirini.

“Umuambie mama, mugongo bado,” alisema. “Asirudi kwanza ku shamba.”

Nilipandwa na hasira. Mpunga wangu ulikuwa unamezwa na majani, na huyu ananiambia bado! Nikamwambia binti yangu kwa sauti ya kusikika hadi nje: “Umuambie bwana yako aandike nimepona. Yeye anataka niende, miye nataka kwenda. Shida iko wapi?”

Baadaye binti aliniletea mazoezi aliyoagiza mumewe, ya kuinua kiuno na kukaza tumbo, nami nikayafanya kila asubuhi kwa kisirani, wiki sita.

Tulirudi kitandani kupima tena. Nilipita ishirini, nikapita hamsini. Jasho lilidondoka sakafuni, tumbo likatetemeka, nikasaga meno. Alipotaja tisini nikaachia.

“Mama aende,” alisema. “Iko na nguvu.”

Nililia kwa furaha, nimelala vilevile, binti bado amenikalia miguu.

Kesho yake, juu ya pikipiki, moyo mwepesi, ndipo jambo moja liliponigonga. Hakuna mtu aliyetamani niondoke kuliko yule mkwe. Angeweza kuruka namba siku ile ya kwanza, nami nisingejua. Hakuruka hata moja.