Prisca, mtafuta kambi aliyezunguka kote akarudi uwanjani kwa mama

Saa kumi na mbili asubuhi, Prisca Kobelo amelala chali kwenye majani yenye umande, kando ya njia inayoshuka kwenda sokoni Mkuyuni. Macho yako wazi, mikono ameinyoosha, na viatu vyake amevipanga pembeni kama mtu aliye kitandani kwake.

Mzee Laurenti, jirani anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani, anasimama ghafla.

"Shikamoo baba," Prisca anamwamkia, akiwa vilevile chini.

"Marahaba. We mama, unaumwa?"

"Siumwi baba. Naangalia mahali pa kulaza wageni."

"Sasa ndo ulale wewe?"

Prisca anacheka. Anajigeuza ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, halafu anatulia kidogo kama anayesikiliza mgongo wake. Mwishowe anainuka, anajipangusa majani kwenye khanga na kutikisa kichwa. Hapafai. Miguu iko juu kuliko kichwa, na chini ya bega kuna jiwe ambalo hata godoro haliwezi kulificha.

Mzee Laurenti anaweka sawa mkungu wake. "Mbona kwa mama yako pametulia tambarare," anasema, kisha anaendelea na safari yake. Prisca anavaa viatu taratibu kuliko inavyohitajika.

Kwa miaka kumi na mmoja sasa, mwanamke huyu mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu amewatafutia kambi watalii na watembea kwa miguu wanaotaka kulala karibu na mito, misitu na bahari. Kampuni ndogo ya utalii yenye ofisi Mafiga, mjini Morogoro, humtanguliza siku moja au mbili kabla ya msafara. Yeye huchagua mahali, wenzake huja na mahema, masufuria na wageni.

"Watu wengi wanachagua kambi wamesimama," anasema. "Wanaangalia milima, wanapiga picha, wanasema hapa pazuri. Lakini mgeni hasimami usiku kucha, analala. Na mimi nikitaka kujua atalalaje, inabidi nilale."

Amelala hivyo kwenye kingo za mito, kwenye miteremko ya Uluguru, kwenye mashamba ya watu na kwenye mchanga wa pwani. Ameshadhaniwa mgonjwa, mlevi, na mara moja maiti. Siku hiyo kijiji kizima kilitoka na kitanda cha kubebea, akalazimika kukaa na kuwaamkia wazee wote mmoja mmoja.

Kazi hii hakuisomea. Alizaliwa katika kitongoji kilicho juu ya Mkuyuni, upande wa kuelekea Matombo, kwenye familia inayolima viungo na mboga. Alianza kwa kubeba masufuria ya mpishi wa safari kwa malipo ya shilingi elfu nane kwa siku. Mpishi hufika kambini kabla ya wageni, na aliyefika kwanza ndiye anayeamua moto uwashwe wapi. Kidogo kidogo mpishi akawa anamwachia uamuzi huo, na leo Prisca hulipwa elfu arobaini kwa kila siku ya msafara, miezi yenye misafara.

Ila ukimwuliza ni wapi hasa alipoijua kazi, hatakutajia mlima wowote. Atakutajia aibu yake ya pwani.

Ilikuwa mwaka wa tatu, na msafara ulikuwa umeufuata mto Ruvu kutoka milimani hadi kaskazini ya Bagamoyo, unakomwagia maji yake baharini. Prisca alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alitangulia asubuhi, akakuta mchanga mpana, mweupe, tambarare kama meza. Akalala chali, akageuka kushoto na kulia. Mgongo ukakubali.

Halafu akafanya alichofundishwa na wazee wa kwao tangu akiwa mtoto: akatazama juu. Milimani mto hujaa hata kama wewe ulipo hakuna tone la mvua, kwa sababu maji hutoka juu. Kwa hiyo aliukazia macho mto, akaangalia mawingu upande wa bara, akaona kweupe. Akaridhika. Saa saba mchana mahema sita yalikuwa yamesimama na mpishi ameshabandika maharage.

"Nilikuwa nimeipa bahari mgongo kabisa," anasema, akijifunika uso kwa khanga. "Nalinda mto."

Saa kumi jioni, sufuria ya maharage ilimpita ikielea.

Bahari ilikuwa imepanda kutoka nyuma, kimyakimya, bila wingu wala ngurumo. Zilikuwa siku za bamvua, ambapo maji hujaa kupita kawaida. Wageni walikimbiza viatu, mpishi alikimbiza unga, na Prisca alisimama ndani ya maji ya magoti akishangaa. Hakuna aliyeumia, lakini godoro moja lilikwenda zake na halijarudi mpaka leo.

Mwanamke aliyekuwa akianua dagaa kwenye chanja, juu kidogo ya pale, ndiye aliyekuja kuwasaidia. Jina lake Mwanaasha. Alicheka kwanza, kwa raha zake zote, ndipo akashika kona ya hema.

"Aliniuliza, dada, kwenu maji yanashuka tu? Nikamwambia ndiyo. Akasema huku yanapanda. Akaniuliza nilimuuliza nani kabla ya kutandika. Nikasema sikumuuliza mtu. Akanionyesha chanja chake. Akasema, we ungeangalia tu dagaa wangu wako wapi."

Prisca anajifunika uso tena. "Dagaa wake walikuwa wakavu. Mimi nimelowa."

Tangu siku hiyo akaacha kuanza na ardhi. Anaanza na akina mama. Akifika mahali pageni huwaamkia, hukaa nao, hata huwasaidia kumenya mihogo, kisha huuliza swali moja tu: nyie huwa mnaanika wapi? Mwanamke aliyehangaikia mahindi yake msimu mzima hatayaanika mahali ambapo maji yatafika, au siafu wanapita, au upepo unapeperusha, au nyani wanaweza kunyemelea bila kuonekana. Amekwisha kupajaribu kwa miaka mingi kwa chakula cha watoto wake. Prisca huomba sehemu ya karibu na hapo, hulala chali kuhakikisha, kisha hupiga simu Mafiga kuwaambia waje.

Tangu alipoanza kufuata mtindo huo, hajawahi kuhamisha kambi. Mwanaasha naye amekuwa ndugu. Kila msafara unaofika pwani hupokelewa na dagaa wake, na kila mara lazima auhadithie upya mkasa wa maharage, ambayo siku hizi, kwa jinsi anavyosimulia, yalikaribia kufika Zanzibar.

Kazi hiyo imemjengea mama yake paa la bati na kuwasomesha watoto wawili wa Prisca, ambao sasa wanajitegemea Dar es Salaam. Lakini pia imemfanya alale ugenini zaidi ya nusu ya kila mwezi. Na kwao, juu ya Mkuyuni, mama yake, Bibi Anastasia, mwenye umri wa miaka sabini na sita, analala peke yake.

Masika ya mwaka jana bibi huyo aliteleza akitoka shambani na kuumia nyonga. Majirani walimbeba, wakamkanda, wakampikia uji. Prisca alikuwa msituni, mahali ambapo simu haishiki. Alipopata mtandao alikuta ujumbe mwingi umerundikana, na wa mwisho ukisema mama hajambo sasa.

"Nilikaa chini pale pale barabarani nikalia," anasema. "Nimewatafutia watu wa nchi zote pa kulala vizuri, na mama yangu alikuwa kitandani anamwomba jirani maji."

Hapo ndipo alipoamua kufungua kambi yake mwenyewe, nyumbani. Maji yapo, mto unasikika bondeni, na msitu uko juu yao. Kikundi cha watembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam kimeahidi kuwa wageni wake wa kwanza mwezi Julai, mradi pawe na mahali pa kusimamisha mahema. Pasipokuwepo, wataenda kwingine, na yeye atarudi barabarani.

Amelala kila mahali. Chini mtoni pana unyevu na siafu. Kwenye migomba pana mteremko. Juu kuna mpaka wa msitu wa hifadhi, na huko haruhusiwi mtu kuweka hata mkeka. Asubuhi ile alipokutwa na Mzee Laurenti, alikuwa akijaribu sehemu aliyokwisha kuijaribu wiki iliyotangulia, kana kwamba jiwe lingekuwa limehama.

Ukweli alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Angefika kwao kama mgeni na kuuliza swali lake la siku zote, watu wote wangenyoosha kidole sehemu moja: uwanja wa Bibi Anastasia.

Ni uwanja wa udongo uliopigwa ukapigika, mbele ya nyumba, unaofagiliwa kila alfajiri. Bibi aliurithi kwa mama yake, kama ardhi inavyorithiwa kwa Waluguru, upande wa wanawake. Hapo huanikwa karafuu, mdalasini na pilipili manga. Watoto watano walivaa, wakala na wakasoma kwa kilichokaukia hapo.

"Niliogopa kumwambia," Prisca anakiri. "Ni kama kumwambia nipe jiko lako."

Alianza kwa mjomba wake, Mzee Severini, msimamizi wa ardhi ya ukoo, akitumaini atamsemea. Mzee huyo alikataa kuingizwa kwenye jambo hilo. "Mimi ni mkubwa wa ukoo, sawa," anasema. "Lakini uwanja ni wa dada yangu. Nikisema ndiyo na yeye akasema hapana, basi ni hapana, na chakula sipati."

Ikabidi Prisca aseme mwenyewe, jioni, wakichambua maharage. Mama yake alichambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akauliza.

"Karafuu nianike wapi? Juu ya mahema?"

Yakapita majuma mawili. Kisha Jumamosi moja, bila kuulizwa, bibi akamwagiza alete hema moja na kulisimamisha uwanjani.

"Karafuu nimewapa watu wengi," alimwambia. "Uwanja sijampa mtu. Nilale mwenyewe kwanza, nijue nawapa nini."

Jumapili alfajiri, mwandishi anafika na kulikuta hema la kijani limesimama peke yake katikati ya uwanja. Prisca amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, hajachana nywele, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo amewaaminisha wageni kwamba watalala salama haondoi macho kwenye zipu ya hema.

"Alinikataza nisiingie naye," ananong'ona. "Kasema mgeni haletewi mlinzi."

Zipu inafunguka nusu, inakwama, inasemwa vibaya kwa Kiluguru, inafunguka yote. Bibi Anastasia anatoka kwa magoti, anajinyoosha taratibu akishika nyonga, na kuwatazama wote kana kwamba wao ndio walioleta baridi.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Sikulala." Prisca anainamisha kichwa. "Nilikuwa nausikiliza mto," bibi anaendelea. "Nimeanika hapa maisha yangu yote, mchana. Usiku nafunga mlango. Kumbe unaimba hivi?"

Bibi anauzunguka uwanja wake polepole, akiupima kwa macho kutoka mpapai hadi jikoni. Kisha anavuta mstari kwa kidole cha mguu, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Mahema manne. Huko, upande wa mpapai. Huku wasikanyage, huku mkeka wangu. Na viatu wavue kabla ya kuingia uwanjani, mama yangu aliupiga huu kwa mikono."

Prisca anaitikia kwa kichwa. Baadaye ataeleza mipango yake: choo kijengwe nyuma ya migomba, wageni wa Julai wapikiwe kwa viungo vya hapo hapo, kisha wafuate maji hadi baharini kwa Mwanaasha. Safari moja anataka kumchukua na mama yake, akaone mahali mto wake unapoishia, na yeye pia achekwe kidogo na Mwanaasha.

Lakini bibi hajamaliza. Ameshaanza kung'oa vigingi vya hema kwa mkono mmoja, kwa sababu misa ya kwanza haimsubiri mtu na pilipili manga inataka jua.

"Na wewe," anasema bila kugeuka, "usije ukaniletea habari ya kulala na wageni wako huko nje. Kitanda chako kiko pale pale. Wewe unalala ndani."