Anayetaka Mtoto Mdogo

Mkunga wa zamu ya asubuhi hakuulizi kama unavuta sigara. Anakuvuta jicho chini kwa kidole gumba, anakuta weupe pale palipotakiwa pawe pekundu, halafu ananusa vidole vyako kama mtu anayekagua samaki. Sauti yake imechoka, viatu kavikanyaga visigino. Leo binti mwenye mimba ya miezi saba kajitetea kabla hata hajanuswa: "Dada, mimi navuta makusudi. Mtoto akiwa mdogo anatoka kirahisi. Shangazi ndiye kaniambia." Mkunga hakugomba, kugomba kunataka nguvu, na zake ziliisha tangu juzi. "Sigara inakupunguzia madini ya chuma, mdogo wangu, na damu huna," alisema, kama anayetaja bei ya nyanya. Kisha akamshika mkono, akampeleka hadi chumba cha joto cha watoto njiti, alikolala kichanga kidogo mno, mrija puani. "Mama yake huyu alivuta mpaka mwisho. Na kweli, alitoka kirahisi."

"Sasa mbona halii?"

Mkunga akavuta stuli, akaketi kwanza. "Kulia kunataka nguvu. Hata kunyonya hawezi."