Mtamba Aliyehamia Bonga

Nakumbuka siku moja asubuhi baba alinikabidhi kamba ya mtamba wangu, Madoa, akaniambia nimswage hadi Bonga nikamwache huko kwa rafiki yake, Mzee Gwandu. Mwanangu, kama hujawahi kulea ndama aliyefiwa na mama yake, ukamnywesha kwa mkono wako hadi akasimama, hutajua nilivyojisikia. Tuliishi Sigino, karibu na Babati, wakati huo, nami nilikuwa kijana anayeota ndevu na kiburi kwa pamoja. Nilishapanga yote: Madoa atazaa, nitapata dume la kulimia, halafu nitaoa. Sasa naambiwa maziwa yake yakanywewe na watu wengine.

Ilikuwa desturi yetu sisi Wairaqw, na wengine tunaishika hadi leo. Unamweka ng'ombe wako kwa rafiki anayekaa mbali kidogo. Yeye anamchunga, anakunywa maziwa na kupata mbolea ya shamba lake. Ng'ombe na uzao wake ni wako, ingawa muungwana humwachia mlezi ndama mmoja wa ahsante. Niliijua desturi hiyo vizuri, ila niliipenda kwa ng'ombe wa watu wengine.

"Baba, boma letu lina nafasi," nikamwambia.

"Nafasi ipo. Bahati ndiyo haitoshi." Baba alikuwa mtu wa maneno machache, tena akiyatoa kama anayeyanunua dukani. "Ng'ombe wote wakilala boma moja, ugonjwa mmoja unawatosha. Halafu niambie, mtu asiye na chochote chako nyumbani kwake, kwa nini ahangaike na kiangazi chako?"

Nilikwenda nimenuna. Mzee Gwandu alinipokea, akaita majirani wawili washuhudie ng'ombe ni wa nani, kisha mke wake akanipa uji. Niliunywa kwa sababu nilikuwa na njaa, si kwa sababu nilikuwa nimetulia.

Sitakuchosha na habari za mwaka uliofuata. Ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, iliingia Sigino, ikafagia boma letu, na waliobaki wakamalizwa na ukame. Niliona baba yangu amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anatazama boma lisilo na sauti. Nililia, naye hakunikataza.

Siku moja mbwa wakabweka. Alikuwa Mzee Gwandu, amekuja kwa miguu kutoka Bonga, kamba mkononi. Nyuma yake Madoa, na nyuma ya Madoa ndama jike. Mzee yule alikuwa amehangaika kiangazi kizima kumkatia majani ya kando ya Ziwa Babati, ng'ombe asiye wake, kwa sababu watoto wake walikunywa maziwa yale. Mahindi niliyolima, nyumba niliyojenga, hata ada za watoto wangu, vyote vilitoka mgongoni mwa ng'ombe yule. Mzee Gwandu ameshalala, Mungu amrehemu. Kila nikinywa maziwa asubuhi namshukuru, na baba yangu namshukuru zaidi.

Nakuambia haya kwa sababu ya binti yangu wa mwisho, Paulina. Amesoma mambo ya kompyuta, kisha akafanya jambo lililonifurahisha kuliko cheti chake: akarudi Babati. Yeye na vijana wenzake wamepanga vyumba nyuma ya stendi, kila mmoja na kampuni yake changa ya kilimo. Paulina ana vijiti vya kupima unyevu. Unachimbia kijiti shambani, nacho kinamtumia mkulima ujumbe kwenye simu kwamba udongo umekauka. Chumba cha pili yuko Hamisi, mtoto wa wenye duka la jumla pale mjini, anayekodisha pampu za jua. Anazibeba kwa guta la magurudumu matatu hadi shambani, zinavuta maji, jioni anazirudisha.

Msimu uliopita mvua ilikata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Hamisi alimwomba Paulina amwonyeshe mashamba gani yanakauka haraka, ili pampu zitangulie huko. Paulina akakataa. Aliponiona namtazama, akasema, "Baba, nikimwonyesha wateja wangu atawachukua. Si mlitufundisha wenyewe, mtegemea cha nduguye hufa maskini?"

Methali ni kama panga, mwanangu, hata mtoto anaweza kulishika.

Kilichomfungua macho si mimi. Mama Eliza wa Nangara, mteja wake wa kwanza kabisa, alimpigia simu. Alimsalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, halafu akasema, "Binti, kijiti chako kimeniambia shamba langu lina kiu. Hilo nimeshaliona. Nani analeta maji?"

Paulina alikuja nyumbani jioni ile na uso umemshuka. Alijua mahindi ya yule mama yakikauka, hakuna mkulima atakayekubali tena kijiti chake shambani, na kazi ambayo kwa ajili yake alikataa mishahara ya miji mikubwa itakuwa imekwisha. Ndipo nikamweleza habari za Madoa, kama nilivyokueleza wewe. Alichukua simu, akatoka nje, nikamsikia anasema, "Hamisi, mambo. Naomba tuongee kesho asubuhi, na uje na pampu zote."

Si mashamba yote yaliyopona, sitaki kukudanganya. Ya Bonga ya juu yalikuwa mbali na maji, hakuna pampu ambayo ingeyafikia. Lakini Mama Eliza alivuna, na majirani zake kadhaa, na wale waliopata maji kwa Hamisi wakaja wenyewe kuulizia vijiti vya Paulina. Penye wengi hapaharibiki neno.

Baada ya mavuno niliwaita Paulina na Hamisi nyumbani. Najua tabia ya binadamu: mvua ikirudi, jirani husahaulika. Nikamtoa mtamba anayekaribia kuzaa, mwenye madoa mabegani, wa uzao wa yule Madoa wa Bonga, nikasema huyu nampa Paulina. Binti akafurahi, akanyoosha mkono kupokea kamba. Kamba nikampa Hamisi.

Kijana akatoa macho. "Baba Paulina, samahani. Sisi kwetu ng'ombe tunamjua kwenye sahani."

"Utajifunza," nikamwambia. "Mbolea na maziwa ni vyako, ng'ombe na uzao wake ni wa Paulina." Majirani wawili walikuwapo, kama ilivyo desturi. Siku hizi Paulina anapita kwa kina Hamisi kila wiki kumwangalia ng'ombe wake, na wakishamaliza habari za ng'ombe wanabaki wanaongea kazi. Mama yake Hamisi ameniambia chai yao ya maziwa sasa haina mfanowe.

Basi shika hili, mwanangu unayeanza kazi yako katika nchi ambayo mvua haina ahadi. Usilaze kila ulicho nacho katika boma moja. Weka sehemu ya kazi yako kwa mwenzako, ili ukistawi naye anywe, na ukiumia naye aamke. Chagua mtu unayemjua, na mbele ya mashahidi mseme mapema kipi ni chako na kipi ni chake, maana urafiki usiosemwa hugombana. Na aliyekutunzia chako wakati wa kiangazi, usiache kumshukuru hata akiwa kaburini.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake. Na mwaka itakapokataa, akupe mtu wa kuja kwa miguu kutoka Bonga, kamba mkononi.