Injini Niliyoihurumia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuihurumia injini. Nilikuwa nimeifungua mwenyewe pikipiki ya baba, bila kufundishwa na mtu, nikaitia pistoni mpya na ringi mpya za kuizunguka. Baba alihubiri vijijini kuzunguka Awasi na hakuwa na namna nyingine ya kufika. Kwa hofu ya kuiharibu, kila jioni niliiendesha polepole mno kwenye barabara tambarare kutoka Kondele, mtaa wetu wa mjini. Hata wenye baiskeli walinipita.

“Bwana, huyo mgonjwa unampeleka hospitali gani?” mmoja alinicheka.

Sikujua kwamba ringi mpya hutaka kazi ngumu mapema, zisuguane na silinda mpaka zikae sawa. Zangu hazikukaa. Baba alipoichukua kwenda Awasi, ilitoa moshi wa buluu, ikala oili yote, ikazima njiani. Alirudi akiisukuma, suruali yake ya kuhubiria imejaa vumbi.

“Umeitunza sana, kijana wangu,” alisema. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananilaumu.

Nilipoifungua tena, silinda ilikuwa inang'aa kama kioo, laini mno hata ringi hazikuwa na pa kushika. Ringi nyingine za kuifaa hazikupatikana tena mjini.

Siku hizi baba huhubiri pale tu miguu yake inapofika.